Kuvumwani katika Uhai wa Misitu ya Milimani

Mimea ya nchi kavu huhesabiwa na watu wengi kwa kuanzia na miti, ikafuata vichaka, mazao na nyasi, na ni nadra hesabu hiyo kufika kwenye kuvumwani, yaani ile mimea midogo ya kijani inayotandaa juu ya mawe, magogo, kuta zenye unyevu na magome ya miti, ambayo haichanui maua, haizai mbegu na haina mizizi ya kweli. Wanasayansi huiweka katika kundi la Bryophyta, na huitofautisha na likeni, ambazo ni muungano wa kuvu na mwani unaounda umbo moja, ingawa mara nyingi viumbe hivyo huota jirani kwenye gome lile lile na kudhaniwa kuwa kitu kimoja. Spishi za kuvumwani zinazojulikana duniani zinakaribia 12,000, na zikijumlishwa na za jamaa zake wa karibu, hasa hepatiki, ambazo ni mimea midogo iliyo bapa au yenye vijani vilivyojipanga ubavuni mwa shina, idadi hiyo hukaribia 20,000. Mhadhara huu unahusu kazi inayofanywa na mimea hiyo katika mazingira, na hoja yake ni kwamba msitu wa milimani unaopimwa kwa wingi wa miti peke yake hupimwa vibaya, kwa sababu sehemu muhimu ya uwezo wake wa kupokea maji, kuyashika na kuyaachia polepole imo katika tabaka hili la kijani ambalo orodha za rasilimali za misitu kwa kawaida hazilitaji. Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ndiyo mfano mkuu, kwa kuwa huko jambo hili lilipimwa kwa mizani zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kwa kuwa maji ya milima hiyo hunywewa na mamilioni ya watu wasioiona kabisa.

Ili kuelewa kazi ya kuvumwani ni lazima kwanza kuelewa umbile lake. Mmea kama mhindi au mvule hunyonya maji ardhini kwa mizizi, huyapandisha hadi kwenye majani kupitia mishipa maalumu ambayo katika elimu ya mimea huitwa zailemu, kisha huyazuia yasipotee ovyo kwa kuyafunika majani hayo kwa utando wa nta. Kuvumwani haina mpango huo. Badala ya mizizi ina vishikizi, yaani nyuzi laini ambazo kazi yake kubwa ni kuushikamanisha mmea na jiwe au gome. Mishipa ya maji ama haina kabisa au, kwa spishi kama zile za jenasi ya Polytrichum, inayo ya aina sahili tu. Na majani yake kwa kawaida yana unene wa seli moja, sawa na ule utando mwembamba unaobanduka ndani ya gamba la kitunguu. Maji huingia mwilini mwake kupitia uso wote, yawe ya mvua, ya umande au ya ukungu, na hutoka kwa njia hiyo hiyo pindi hewa inapokauka. Udogo wa mimea hii unatokana kwa kiasi kikubwa na hali hiyo, kwani bila mishipa imara haiwezi kupandisha maji mbali, na ndiyo maana spishi nyingi hazizidi sentimita chache, na hata Dawsonia superba ya Australia, inayotajwa miongoni mwa kuvumwani ndefu kuliko zote zinazosimama wima, hufika nusu mita hivi.

Jambo la kuzingatia zaidi, hata hivyo, ni kwamba maji mengi ambayo tando la kuvumwani huyashika hayamo ndani ya seli zake. Yamo katika nafasi ndogo zilizo baina ya jani na shina, baina ya shina na shina, na katika mikunjo ya majani, ambako hushikiliwa na mvutano wa uso wa maji wenyewe. Tando lenye mashina maelfu kwa maelfu yaliyosongamana lina nafasi za namna hiyo zisizohesabika, na kwa hiyo uwezo wake wa kubeba maji unazidi mara kadhaa uzito wake likiwa kavu. Hali ya hewa inapobadilika tando hilo hukauka, majani hujikunja, rangi hufifia kuwa ya kahawia, na shughuli za uhai, pamoja na usanisinuru ambao ni utengenezaji wa chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua, husimama. Mvua inaporudi, spishi nyingi hufufua shughuli hizo katika muda mfupi, baadhi yake kwa dakika chache tu. Uvumilivu huo una mipaka ya ajabu. Katika kisiwa cha Signy, Antaktika, watafiti wa Uingereza waliripoti mwaka 2014 kwamba kuvumwani iliyokuwa imefukiwa katika udongo ulioganda kwa zaidi ya miaka 1,500 ilichipua tena ilipopewa joto na mwanga.

Uzazi wake nao unategemea maji. Mmea wa kijani unaoonekana siku zote ni gametofaiti, yaani kizazi kinachotoa mbegu za kiume na mayai, na zile mbegu za kiume ni lazima ziogelee katika utando wa maji ili kulifikia yai. Kutokana na muungano huo huota sporofaiti, ambayo ni ujiti mwembamba wenye kifuko nchani, na kifuko hicho hupasuka na kutawanya spora, vumbi laini la uzazi linalopeperushwa na upepo. Majaribio yaliyochapishwa nchini Sweden mwaka 2006 yalionyesha kwamba wadudu wadogo waitwao kolembola, pamoja na utitiri, huweza kuzibeba mbegu za kiume kutoka mmea hadi mmea, jambo ambalo awali lilidhaniwa kuwa la mimea ya maua pekee. Spishi nyingine huenea kwa vipande vya mwili wake tu, na katika barafu ya uwanda wa Stanley, kwenye Milima ya Rwenzori nchini Uganda, watafiti wamekuta madonge madogo yaliyoundwa na vichipukizi vya Ceratodon purpureus yakiishi juu ya barafu yenyewe, barafu ambayo mwaka hadi mwaka inatoweka.

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa safu 13 za milima ya kale unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko yake ya mashariki, hupanda, hupoa, na unyevu wake kugeuka kuwa mawingu na mvua, kiasi kwamba upande huo hupata mvua nyingi mno kuliko upande wa magharibi unaoutazama mji wa Morogoro. Juu ya mwinuko wa mita 1,800 hivi mawingu huukumbatia msitu kwa sehemu kubwa ya mwaka, miti hupungua kimo na kupinda, na vigogo vyake hutoweka chini ya gamba nene la kuvumwani na hepatiki, hata tawi lenye unene wa kidole huonekana kuwa na unene wa mkono. Karibu na kilele cha Bondwa, kwenye mwinuko wa mita 2,120 hivi, na tena katika msitu mrefu zaidi ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ndiko Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyefundisha Morogoro kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, alikofanya kazi ambayo bado hurejelewa kila mahali panapojadiliwa misitu ya mawingu. Alikusanya na kupima uzito wa epifaiti, yaani mimea yote inayoota juu ya mimea mingine bila kuinyonya, pamoja na mboji inayojikusanya chini yake, kisha akapima ni maji kiasi gani vitu hivyo huweza kuyashika.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yanastahili kusomwa polepole. Katika msitu wa chini, epifaiti zilikuwa na uzito mkavu wa tani 2 hivi kwa hektari; katika msitu kibete wa juu, ambako kuvumwani na hepatiki ndizo zinazotawala, uzito huo ulifika tani 14 hivi kwa hektari. Tabaka hilo la juu lilikadiriwa kuwa na uwezo wa kushika lita 50,000 hivi za maji kwa hektari katika mvua moja, ambazo ni sawa na mvua ya milimita 5 iliyonyesha bila tone lake kufika ardhini kwanza, na kwa kilomita moja ya mraba ya msitu wa namna hiyo ni lita milioni 5. Hakuna tangi lililojengwa, hakuna saruji wala bomba; kuna mimea ambayo mtu huikwangua kwa ukucha.

Ni haki kusema pia kwamba takwimu hizo zinahitaji tahadhari, na wanaozinukuu bila tahadhari huidhoofisha hoja wanayoitetea. Uwezo wa kushika lita 50,000 si sawa na kuchangia lita 50,000 mtoni kila mvua inaponyesha, kwa sababu katika msitu uliofunikwa na mawingu tando la kuvumwani mara nyingi tayari limelowa, kwa hiyo nafasi iliyobaki wazi kwa mvua mpya ni ndogo kuliko uwezo wake wote, na sehemu ya maji yaliyoshikwa hurudi hewani kwa mvuke bila kuugusa udongo. Lakini upande wa pili wa hesabu haupaswi kusahauliwa. Ukungu ni maji yaliyogawanyika katika matone madogo mno, yasiyo na uzito wa kutosha kuanguka yenyewe, ambayo upepo huyapitisha juu ya kilima kilicho wazi na kwenda nayo. Yanapokutana na maelfu ya ncha na kingo za majani ya kuvumwani hunasa, huungana, na hudondoka, na hivyo msitu hupata maji ambayo kipima mvua kilichowekwa uwandani hakiyahesabu. Aidha, mvua kali inayotua juu ya tando hilo hupoteza kishindo chake, na maji hufika kwenye udongo yakiwa yamepunguzwa kasi, yakapata muda wa kuzama badala ya kuporomoka na udongo. Kwa mwenyeji wa bondeni tofauti hiyo ni kubwa: kiasi kile kile cha mvua huweza kumfikia kama mafuriko ya siku moja, au kama kijito kinachotiririka hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika.

Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, na ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayotegemewa kwa sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mwishoni mwa mwaka huo huo kina cha mto kilipungua kutokana na ukame hata maji yakagawiwa kwa mgao. Haingekuwa kweli kudai kwamba kuvumwani ingeuzuia ukame huo, kwa kuwa mvua isiponyesha hakuna tando litakaloitengeneza, na eneo la msitu wa mawingu ni sehemu ndogo ya bonde zima la Ruvu. Lililo kweli ni kwamba katika miezi ya kiangazi, mvua inapokuwa chache na ukungu ungali unapita juu ya vilele, ndipo kila chombo cha asili cha kunasa na kuchelewesha maji huwa na thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo upungufu wake huonekana.

Mbali na maji, tando la kuvumwani ni makao. Ndani yake huishi utitiri, kolembola, minyoo midogo, na tadigradi, viumbe wenye miguu minane wasioonekana vizuri bila hadubini ambao nao, kama mwenyeji wao, huweza kukauka na kuhuika tena. Okidi na kangaga huotea humo. Ndege hulichukua kwa ajili ya viota vyao. Katika misitu ya baridi ya kaskazini mwa Ulaya imegunduliwa kazi nyingine: sianobakteria, ambazo ni bakteria zenye uwezo wa kufanya usanisinuru, huishi kwenye majani ya Pleurozium schreberi na kuigeuza nitrojeni ya hewani kuwa mbolea, kati ya kilo 1.5 na 2 kwa hektari kwa mwaka kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2002. Kiasi hicho ni kidogo kwa shamba la mahindi, lakini kwa misitu ile yenye udongo maskini ni chanzo kikubwa.

Kuhusu kaboni, jenasi moja imezipita nyingine zote. Kuvumwani za Sphagnum zina seli za aina mbili, moja hai na ya kijani, nyingine kubwa, iliyokufa na yenye matundu, ambayo kazi yake ni kujaa maji, hata mmea ukaweza kubeba maji mara 20 hivi ya uzito wake mkavu. Sphagnum huyaongezea maji yanayoizunguka uchachu na hutoa kemikali zinazowazuia bakteria, kwa hiyo mabaki yake hayaozi upesi, bali hulundikana karne baada ya karne na kuwa mboji nzito ya kinamasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, pamba ilipokuwa adimu, Waingereza waliikusanya, wakaikausha na kuitumia kufungia majeraha ya askari. Ardhi zenye mboji ya kinamasi za kila aina huchukua asilimia 3 hivi tu ya nchi kavu ya dunia, na hata hivyo zimehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo katika mimea ya misitu yote duniani, na katika nchi za kaskazini sehemu kubwa ya hazina hiyo ni kazi ya Sphagnum. Hapa panahitajika kutofautisha, kwa sababu mambo haya huchanganywa mara kwa mara: mboji kubwa ya bonde la Kongo, ambayo ramani yake ya mwaka 2017 ilionyesha eneo la kilomita za mraba 145,500 na kaboni tani bilioni 30 hivi, imetokana na miti na miwale ya misitu ya kinamasi na si kuvumwani. Katika Afrika ya Mashariki Sphagnum inapatikana zaidi kwenye vinamasi baridi vya milimani, kama vile vya Rwenzori, ambako huota katikati ya vichuguu vya nyasi-maji na kuvifanya visikauke. Nazo zile kuvumwani za kawaida zinazoota juu ya udongo mtupu zisidharauliwe: utafiti ulioongozwa na David Eldridge wa Australia, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kulinganisha mifumo ya ikolojia 123, ulikadiria kwamba zimefunika kilomita za mraba milioni 9.4, na kwamba udongo ulio chini yake umehifadhi kaboni tani bilioni 6.43 zaidi ya udongo ulio wazi.

Kwa kuwa haina mizizi wala utando mnene wa nta, kuvumwani hupokea kutoka hewani kila kinachokuja, kizuri na kibaya. Åke Rühling na Germund Tyler wa Sweden waliitumia sifa hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kupima metali nzito, kama risasi na kadimi, zinazotua kutoka angani, na njia yao ikawa msingi wa upimaji unaofanywa katika nchi nyingi za Ulaya kila baada ya miaka mitano. Mjini Portland, Marekani, wataalamu wa idara ya misitu walikusanya mwaka 2013 sampuli 346 za kuvumwani kwenye miti ya mitaani, na kadimi waliyoikuta ndani yake iliwaongoza hadi jirani na viwanda vya vioo ambavyo vipima hewa vichache vya jiji havikuvitilia shaka. Miji ya Afrika ya Mashariki, yenye vipima hewa vichache zaidi, viwanda vinavyoongezeka na vyuo vikuu vyenye wanabiolojia, ina kila sababu ya kuijaribu njia hiyo, maana vifaa vyake vya kukusanyia ni bahasha za karatasi na mikono safi.

Adui mkuu wa kuvumwani ya milimani ni moto. Mti wenye gome nene huweza kuunguzwa na kubaki hai, lakini tando lililokauka kiangazi hushika moto na kuisha katika saa moja, na pamoja nalo mboji iliyolundikana kwa vizazi. Kilimanjaro imetoa ushahidi mzito. Andreas Hemp, mwanaikolojia wa Ujerumani aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005 kwamba mioto iliyoongezeka tangu miaka ya 1970 imeiteketeza misitu mikubwa ya mierika, miti ya nyanda za juu inayoning'iniwa na kuvumwani na likeni, na kuushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Alionyesha pia kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kuyeyuka kwa theluji ya Kibo, kilele cha mlima huo. Dunia nzima imeililia theluji hiyo, na ni haki ililiwe, lakini msitu uliokuwa ukiuchuja ukungu umeungua bila kupata hata sehemu ndogo ya maombolezo hayo.

Kilichoungua hakirudi upesi. Nchini Costa Rica, katika msitu wa mawingu wa Monteverde, Nalini Nadkarni aliyabandua matando kwenye matawi ya juu na kuyafuatilia matawi hayo kwa miaka 10; kwa miaka mitano ya kwanza yalibaki karibu matupu, na mimea iliporudi ilianzia upande wa chini wa tawi, ambako unyevu hukaa zaidi, ikapanda polepole. Hapo uharibifu ulikuwa wa matawi machache yaliyozungukwa na msitu mzima wenye spora na vipande tele vya kupandikiza, na kivuli na ukungu vilikuwa pale pale. Mteremko uliofyekwa na kuchomwa hauna hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Ndiyo sababu upandaji wa miti, unaosifiwa kwa hesabu ya miche, hautoshi kuwa kipimo cha kurudishwa kwa msitu wa milimani. Mkaratusi hubambua gome lake mara kwa mara, na kuvumwani iliyojishika juu yake huanguka nalo. Msindano hukuzwa kwa safu na kukatwa kwa ajili ya mbao kabla matawi yake hayajazeeka kiasi cha kubeba tando nene. Mashamba ya miti hiyo yana nafasi yake, kwani mbao na kuni zinahitajika na ni afadhali zitoke huko, lakini yakipandwa mahali palipokuwa na msitu wa mawingu hayawezi kuitwa msitu uliorejeshwa. Kinachohitajika katika maeneo hayo ni miti ya asili, vizuia-moto kwenye mpaka wa mashamba na hifadhi vinavyotunzwa pamoja na wanavijiji wanaolima hapo, na, zaidi ya yote, kuiacha imesimama ile miti mizee iliyopinda, isiyo na thamani yoyote kwa mpasua mbao, ambayo matawi yake yamebeba kilo nyingi za kuvumwani, kwa sababu spora na vipande vitakavyoivika miche mipya ya jirani haviwezi kutoka kwenye kitalu chochote.